Mota ya Awamu Tatu Imemtumikia Rais Gani?

*Swali: Mimi na mwenzangu tunatafsiri mwongozo wa mafundi wa mota za umeme, na tumekwama kwenye sura ya inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa mawimbi. Zile ishara zinazoziamrisha swichi za ndani (*switching signals*) nimeziita "ishara za swichi". Yeye ameandika "ishara za kubadilisha". Tena kila palipo na mota ya fezi nyingi, yaani inayolishwa mawimbi kadhaa ya umeme kwa pamoja, yeye ameweka "mota ya awamu nyingi". Nani amepatia? — Msomaji, Morogoro*

Umepatia wewe. La ishara nitalijibu upesi, maana kuna jingine linaloniwasha.

Kubadilisha nini? Nguo? Ndani ya inveta ya kawaida ya fezi tatu mna swichi sita, mbilimbili katika mikono mitatu, moja juu na moja chini. Kazi yake ni kupitisha na kukata, kupitisha na kukata, mara maelfu kwa sekunde. Pigo moja huachwa refu, jingine fupi, na kwa kuchezesha urefu huo umeme wa betri, usiojua kupanda wala kushuka, hufika kwenye mota ukiwa na sura ya wimbi. Basi andika "ishara za swichi", au "ishara za kuwasha na kuzima" ukitaka mwanafunzi aione kazi yenyewe. Swichi ni neno la Kiingereza lililokwisha kupewa uraia; liko ukutani kwa kila mwenye taa.

Mkifika pale ambapo swichi mbili za mkono mmoja huzimwa zote kidogo kabla ya kupokezana (zikiwaka pamoja ni shoti, na inveta imekwenda), nawasihi msiifuate *dead time* ya Kiingereza mkaandika "muda mfu". Hakuna aliyefariki. Huo ni mwanya tu, aghalabu sehemu chache za milioni moja za sekunde.

Sasa niacheni na awamu.

Nina ugomvi wa miaka na neno hili, si kwa kuwa ni baya, bali kwa kuwa ni zuri mahali pake. Awamu hufuatana. Ya kwanza huisha ndipo ya pili ianze. Mtanzania yeyote analijua hilo bila kamusi: Awamu ya Kwanza ni Mwalimu Nyerere, ya Pili Mzee Mwinyi, ya Tatu Mzee Mkapa. Kwa hiyo ninaposoma "mota ya awamu tatu" naiona mota kongwe, yenye heshima zake, iliyofungwa kabla ya 1985, ikapita zama za ruksa na ubinafsishaji, ikastaafu 2005 na kiinua mgongo.

Fezi hazifuatani hivyo. Wagiriki walisema *phasis*, mwonekano, na neno likaja kutumika kwa sura za mwezi. Mwezi nao una sura moja kwa usiku mmoja, kwa hiyo huko awamu ingekaa vizuri. Lakini fezi tatu za umeme zipo zote wakati mmoja, zimeachana nyuzi 120 katika duara la 360. Umewahi kuona wanawake watatu wakitwanga kinu kimoja? Mchi mmoja uko juu, wa pili unashuka, wa tatu umo kinuni, na hakuna anayengoja mwenzake amalize muhula. Mota huzungushwa na hao watwangaji watatu kwa pamoja.

Twende kwenye mashine ya kusaga. Imefungwa, imewashwa, inazunguka kinyume. Fundi habomoi kitu. Anabadilishana nyaya mbili kati ya tatu, mambo yanakaa sawa. "Nimegeuza fezi mbili," anasema. Mwenzako atamwandikia: "Nimegeuza awamu mbili." Hapo Mzee Mwinyi katangulia, Mwalimu anafuata, na historia ya nchi imesagwa pamoja na mahindi. Siku nyingine fezi moja inakatika, mota inanguruma, inapata moto, inaungua. "Awamu moja imekatika," anaandika mtafsiri wetu, na msomaji wa magazeti anashtuka kuuliza ni serikali ipi iliyoanguka.

Nimeambiwa fezi si Kiswahili. Na transfoma je? Kama masikio yenu ni laini, wateja wa TANESCO wamekwisha kuzoea "njia moja" na "njia tatu", maneno ya mtu aliyeutazama umeme kabla ya kuutaja. Waya wa juu ya reli ya SGR hubeba umeme wa njia moja, kilovolti 25. Mota za treni zinataka njia tatu. Katikati kuna inveta. Mambo yamekwisha. Isemeni hiyo kwa awamu, muone treni ikiondoka Dar es Salaam chini ya Nyerere na kuingia Dodoma chini ya Mkapa.

Darasani, kwenye somo la mawimbi, nimeshachoka kupigana. Walimu wanaotaka "tofauti ya awamu" waendelee nayo. Wimbi moja likichelewa nyuma ya jingine, neno linavumilika. Ila msilipeleke karakana.

Hasa nyinyi, ambao mwongozo wenu ni wa fezi nyingi. Kuna mota za fezi tano, zilizoachana nyuzi 72, na za fezi sita, ambazo mara nyingi ni seti mbili za tatu zilizosogezwa nyuzi 30. Hupendwa kwa kuwa fezi moja ikifa, zilizobaki zinaweza kuendelea kuzungusha. Kwa hesabu ya mwenzako hapo tumefika hadi kwa Mama Samia. Zipo na za fezi tisa. Hizo itabidi zisubiri chaguzi kadhaa.