Maswali ya Wasomaji: Yvonne Nelson ni wa Ghana au wa Nigeria?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Morogoro. Nyumbani tunabishana kuhusu mwigizaji Yvonne Nelson: kaka yangu anashikilia kwamba ni Mnigeria, nami nasema ni Mghana. Naomba pia kufahamu alianzaje kuigiza, na kama ni kweli kwamba aliwahi kufungiwa, kwani natamani kuingia katika fani hiyo.

JIBU: Marahaba, binti. Ubishi umeushinda: Yvonne Nelson alizaliwa Accra, mji mkuu wa Ghana, tarehe 12 Novemba 1985. Kaka yako asilaumiwe sana, kwa maana katika vibanda umiza vyetu karibu kila filamu ya Afrika Magharibi iliitwa ya Kinigeria, na wasanii wa nchi hizo mbili wameigiza pamoja mara nyingi kiasi kwamba jalada moja la kanda lilibeba sura za Accra na za Lagos bila kueleza nani ametoka wapi.

Alisoma sekondari ya Aggrey Memorial, Cape Coast, akashiriki mashindano ya Miss Ghana mwaka 2005, na miaka miwili baadaye akaonekana katika filamu ya Princess Tyra pamoja na waigizaji Jackie Appiah na Van Vicker.

Kufungiwa ni kweli. Mwaka 2010 chama cha watayarishaji wa filamu cha Ghana kilimfungia kwa mwaka mmoja. Hapo nakuomba utulie kidogo, kwa kuwa mwigizaji ni mtu wa kuitwa: akiitwa anafika, asipoitwa anakaa nyumbani hata awe na kipaji cha namna gani. Yvonne hakukaa. Alianzisha kampuni yake, YN Productions, akatoa The Price mwaka 2011, kisha Single and Married, na mwaka 2013 House of Gold, iliyotwaa tuzo ya filamu bora katika Ghana Movie Awards. Mtayarishaji ndiye anayetafuta fedha, anayemwajiri mwongozaji na kuwalipa waigizaji, na ndiye anayeamua nani aitwe. Binafsi naiheshimu hatua hiyo kuliko uzuri wake, ambao magazeti yameuandika mno.

Jina alilolipata alilitumia pia nje ya filamu. Ghana ilipokuwa katika mgawo mkali wa umeme, ambao wenyewe waliuita dumsor, neno la Kitwi, lugha ya Ghana, lililoungwa kutokana na kuzima na kuwasha, Yvonne aliitisha mkesha jijini Accra tarehe 16 Mei 2015. Watu walitembea usiku wakiwa na taa za chemli na mishumaa mikononi, na miongoni mwao walikuwemo wanamuziki na waigizaji wenzake. Kwa msanii ambaye mashabiki wake wamo katika vyama vyote vya siasa, lile lilikuwa jambo zito, nami nakiri kwamba picha za usiku ule hunigusa hadi leo, kwa kuwa mgawo sisi tunaujua.

Ukitaka kumtazama kazini, anza na House of Gold, ambayo ameigiza na kuitayarisha yeye mwenyewe. Mwite na kaka yako, muyasome pamoja majina yanayopita mwishoni.