Daftari la Mizani: Nilivyojifunza Kuutumia Utafiti Nikiwa Kwenye Kiti cha Kusafishia Damu

Kabla figo zangu hazijashindwa kazi nilikuwa wakala wa forodha mpakani Busia, na kwa zaidi ya miaka ishirini riziki yangu ilitegemea jambo moja: lori likipanda mizani uzito wake huandikwa, likirudi limepakuliwa huandikwa tena, na tofauti kati ya uzito huo na ule ni lazima iwe na maelezo. Sikudhani kwamba siku moja lori lenyewe ningekuwa mimi. Leo ni mwaka wa sita nikisafiri kwenda Kampala mara mbili kwa juma kusafishwa damu kwa mashine, na kila nifikapo hupimwa kabla ya kuketi na hupimwa tena ninapoinuka. Mimi si daktari, na lolote nitakaloeleza hapa lipelekeni kwanza kwa madaktari wenu. Ninachoweza kueleza ni namna ambavyo matokeo ya utafiti uliofanywa mbali sana na sisi yamenisaidia kwenye kiti changu, na mengine ambayo hayakunisaidia kitu.

Katika mwaka wa pili nilifanya kosa ambalo wagonjwa wengi watalitambua. Nilikuwa nimetoka kwenye harusi ya mtoto wa kaka yangu, nimekula nyama yenye chumvi na kunywa soda bila kuhesabu, na nilipopanda mizani nilikutwa nimezidi kilo 4.2 juu ya uzito wangu mkavu, yaani uzito wa mwili usio na maji ya ziada, ambao kwangu ni kilo 60. Sista aliniangalia, akasema, “Mzee, haya maji yote hatuwezi kuyatoa leo.” Nami, kwa kuwa nilitaka kuliwahi basi la jioni, nilisisitiza kwamba yatolewe yote, tena kwa saa tatu na nusu badala ya nne. Saa ya tatu haijaisha, mkakamao wa misuli ulinishika mguu wa kushoto nikapiga kelele, kisha sauti za watu zikaanza kwenda mbali. Nilipozinduka miguu yangu ilikuwa imeinuliwa juu ya mto na sista alikuwa akinirudishia maji ya chumvi mwilini. Basi liliondoka bila mimi.

Baadaye nilisoma kuhusu uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 nchini Marekani, uliotumia kumbukumbu za wagonjwa 1,846 wa utafiti mkubwa uitwao HEMO. Wachambuzi walitazama kasi ya kutoa maji, wakaona kwamba wale waliotolewa zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa kila saa walifariki kwa wingi zaidi, hasa kwa magonjwa ya moyo, kuliko waliotolewa chini ya mililita 10. Sababu yake inaeleweka. Mashine huchukua maji kutoka kwenye damu peke yake, na damu nayo huyavuta mengine polepole kutoka kwenye nyama za mwili. Mashine ikivuta upesi kuliko damu inavyojazwa, shinikizo la damu huanguka, na moyo hukosa damu ya kuulisha. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu yangu. Kwa kilo 60, mililita 13 ni sawa na mililita 780 kwa saa, ambazo kwa saa nne ni lita tatu na kidogo. Siku ile ya harusi nilikuwa nimetolewa kwa kasi ya mililita 20 kwa kila kilo kwa saa, na niliiomba kasi hiyo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tangu hapo nina daftari. Kila ziara naandika uzito wa kuingia, uzito wa kutoka, saa nilizokaa, presha ya mwanzo na ya mwisho, na kama kulikuwa na mkakamao au kizunguzungu. Nawashauri muwe nalo, kwa kuwa daktari anayeona wagonjwa wengi kwa siku moja hawezi kukumbuka kwamba presha yenu imeanguka mara tatu mfululizo. Mkimwonyesha ukurasa, mazungumzo hubadilika. Daktari wangu aliutazama ukurasa mmoja tu akagundua kwamba uzito wangu mkavu ulikuwa umewekwa chini kuliko inavyofaa, kwani nilikuwa nimenenepa kidogo na hakuna aliyekuwa ameuhesabu unene huo.

Jambo jingine lililochapishwa mwaka huo huo wa 2011 linatuhusu sisi wa Uganda kuliko hata wale waliochunguzwa. Wamarekani husafishwa mara tatu kwa juma, hivyo kila juma wana pengo moja la siku mbili, na watafiti waliofuatilia wagonjwa zaidi ya 32,000 waliona kwamba vifo na kulazwa hospitalini huongezeka siku inayofuata pengo hilo. Sasa fikirini wengi wetu, ambao kwa sababu ya gharama na nauli huenda mara mbili tu: mapengo yetu yote ni ya namna hiyo au marefu zaidi. Kwa hiyo siku ya mwisho kabla ya kurudi kwenye mashine ndiyo siku ya hatari, na ndiyo siku ambayo maji na potasiamu, madini ya chakula ambayo yakizidi huuvuruga moyo, huwa vimejaa mwilini. Nyumbani kwetu siku hiyo haipikwi katogo, yaani ndizi zilizopikwa ndani ya mchuzi, maana mchuzi wake huliwa pamoja na kila kilichotoka kwenye ndizi. Matoke yaliyofukizwa ndani ya majani nayo hubaki na potasiamu yake. Mke wangu huyakatakata, huyachemsha kwenye maji mengi, humwaga maji hayo na kuyachemsha upya, ingawa hadi leo anasema kwamba ndizi za namna hiyo hawezi kumwandalia mgeni mwenye heshima zake. Namwelewa.

Mpwa wangu hunitumia kwenye simu kila habari ya tiba mpya: figo ya kuvaliwa kiunoni, figo ya nguruwe, mitishamba iliyothibitishwa na utafiti usiotajwa. Nyingi nazifuta. Moja niliisoma hadi mwisho, nayo ni ya njia iitwayo hemodayafiltresheni, ambayo maji mengi safi huingizwa moja kwa moja kwenye damu na kutolewa tena ili yabebe taka kubwa ambazo usafishaji wa kawaida huziacha. Utafiti wa CONVINCE, uliochapishwa mwaka 2023, uliwagawa kwa kura wagonjwa 1,360 wa Ulaya. Katika kundi la njia hiyo walifariki asilimia 17.3, na katika kundi la usafishaji wa kawaida asilimia 21.9. Ni matokeo mazuri. Lakini someni na masharti yake: walichaguliwa wagonjwa ambao mishipa yao ingeweza kupitisha angalau lita 23 za maji hayo kila mara, na maji yanayoingia ndani ya damu lazima yawe safi kupita kiasi.

Suala la maji ndilo ningependa wagonjwa wenzangu walifuatilie kabla ya kuota mashine za Ulaya. Hata usafishaji wa kawaida wa saa nne hupitisha lita 120 hivi za maji upande wa pili wa utando wa kichujio, kiasi ambacho mtu hanywi kwa mwezi mzima. Mwezi Februari mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazil, kliniki moja ilitumia maji ya bwawa yaliyoletwa kwa malori bila kusafishwa vizuri, yakiwa na sumu ya mwani, na wagonjwa zaidi ya 50 walifariki. Kampala hunywa maji ya Ziwa Victoria, ambalo ghuba zake hugeuka kijani kwa mwani kila mara. Sisemi hili kuwatisha, kwa sababu vichujio vya mkaa na mitambo ya kuchuja maji ikitunzwa huondoa sumu hizo pamoja na klorini. Nasema muulize, kwa adabu, chujio la mkaa lilibadilishwa lini, na kama klorini ilipimwa kabla ya zamu ya asubuhi. Nilipouliza mara ya kwanza fundi alishangaa, kisha akanichukua hadi chumba cha nyuma akanionyesha kitabu chake cha vipimo. Naye ana daftari.

Kuhusu mshipa wa kuunganishia mashine nitasema machache. Fistula, ule mshipa wa mkononi uliounganishwa na ateri, ilielezwa na madaktari wa New York mwaka 1966, na miaka yote hii bado haijapata mpinzani. Mimi nilianza na mpira uliopitishwa kwenye mshipa wa shingoni, ukapata maambukizi, nikalazwa majuma mawili. Aliyeambiwa kwamba figo zake zinaelekea kushindwa aulinde mkono asioutumia kuandikia, asiruhusu utolewe damu wala kuwekewa dripu, na aulize habari za fistula mapema.

Kuna utafiti pia ambao faida yake ni kutuokolea fedha na hofu. HEMO wenyewe, mwaka 2002, ulionyesha kwamba kuongeza kiwango cha usafishaji juu ya kile cha kawaida, kwa mara tatu zilezile, hakukuongeza maisha. Utafiti wa IDEAL wa Australia na New Zealand, mwaka 2010, ulionyesha kwamba kuanza mashine mapema hakukuwazidishia watu uhai kuliko kusubiri dalili chini ya uangalizi wa daktari. Mtu akiwaharakisha kuanza kwa sababu ya namba ya kipimo peke yake, mwombeni aeleze sababu nyingine. Ila kusubiri huko ni kwa mtu anayehudhuria kliniki, si kwa mtu anayejificha nyumbani akinywa dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki, ambazo humaliza hata ule mkojo mdogo uliobaki.

Mkiombwa kuingia kwenye utafiti hapa Uganda, ulizeni kama umepitishwa na kamati ya maadili na kusajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha mnayoielewa, na mnaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa tiba. Mimi nimewahi kukubali mara moja, na mara nyingine nilikataa kwa sababu damu iliyotakiwa ilikuwa nyingi na hemoglobini yangu ilikuwa chini, hakuna aliyeninunia.

Jumatatu ijayo natokea kwenye pengo refu. Nimekwisha kuandika kwenye daftari ombi langu kwa daktari, kwamba siku za namna hiyo nikae kwenye mashine saa nne na nusu badala ya nne, na basi la jioni nimeacha kulikatia tiketi.