Idadi ya komiti haimpimi mtu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu timu ya watu tisa wanaotengeneza programu ya malipo. Nimepewa historia yao ya miaka miwili kwenye Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo, nipime ufanisi wa kila mmoja kwa idadi ya komiti (kila badiliko lililohifadhiwa humo) na mistari ya msimbo. Ajabu, nikihesabu napata watu 13. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Hujakosea kuhesabu. Git haimjui mtu, inaandika tu jina na barua pepe zilizowekwa kwenye kompyuta. Endesha amri ya git shortlog -sne, inayoorodhesha majina, barua pepe na idadi ya komiti, na huenda ukamkuta mtu yuleyule mara mbili, kwa anwani ya kazini na ya nyumbani. Unganisha majina hayo kwenye faili la .mailmap, linaloiambia Git anwani zipi ni za mtu mmoja, kisha mwombe kiongozi wa timu alikague. Usikisie. Roboti, yaani programu zinazosasisha zenyewe maktaba za msimbo, nazo zitoe.

Ila hicho kipimo, nakusihi, kiache. Fungua komiti yenye mistari mingi kuliko zote. Mara nyingi utakuta ni package-lock.json, faili linalotengenezwa na programu, ambalo hakuna aliyeliandika kwa mkono. Aliyekesha siku tatu akisaka hitilafu, akaja kubadili alama moja, kwako atahesabiwa mstari mmoja. Utamdhulumu, na tasnifu itakuwa na jina lako.

Geuza swali. Mwaka 2008 watafiti Nagappan, Murphy na Basili walichapisha utafiti kuhusu Windows Vista, mfumo wa kompyuta wa Microsoft. Hawakumpima mhandisi mmojammoja. Kwa kila sehemu ya programu waliuliza: imeguswa na wangapi, wangapi kati yao wameshaondoka kazini, umiliki wake uko ngazi gani ya uongozi? Majibu hayo yalitabiri penye hitilafu vizuri kuliko ugumu wa msimbo wenyewe. Mimi naona hapo ndipo penye utafiti wa kweli.

Kwako, basi, kizio cha uchambuzi, yaani kitu unachokipima, kiwe faili. Watu tisa ni wachache mno kwa takwimu, mafaili huenda ni mamia. Hesabu mikono iliyogusa kila faili na hitilafu zilizorekebishwa humo, halafu tafuta uhusiano kwa Spearman, kipimo cha takwimu kinacholinganisha mpangilio wa nafasi. Angalia sana ukubwa: faili kubwa huvuta watu wengi na hitilafu nyingi kwa pamoja, kwa hiyo linganisha mafaili yanayokaribiana urefu.

Na kabla ya yote, waombe ridhaa hao tisa. Ripoti itakayomfikia bosi wao isiwe na jina la yeyote.