Filamu haina mkurugenzi

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Jinja. Nimeanza kuandika kwa Kiswahili kuhusu filamu za zamani na za sasa. Je, niite kazi yangu "uhakiki" au "mapitio"? Na ni "filamu" au "sinema"? Sentensi yangu ya kwanza ni hii: "Queen of Katwe (2016) ni filamu ya mkurugenzi Mira Nair iliyopigwa risasi Katwe na Johannesburg."

JIBU: Ita uhakiki. Neno hili lina asili ya Kiarabu na ni la ukoo mmoja na haki na hakika. Anayehakiki hupima kitu mpaka thamani yake ijulikane. Ukisimulia kisa kuanzia mwanzo hadi mwisho, hapo umepitia tu. Filamu na sinema yote mawili ni sahihi, ila sinema ni pia ukumbi, na ni sanaa nzima: "tulienda sinema", "sinema ya Japani", lakini "filamu tatu za Kurosawa". Yote ni ya ngeli ya I-ZI: filamu hii, filamu hizi. "Mafilamu" yaache kwenye kibanda cha video.

Sasa tuje kwenye sentensi yako, mwanangu, maana ina maneno mawili yanayoharibu uhakiki wa Kiswahili kila wiki.

La kwanza ni "mkurugenzi". Mkurugenzi ana kiti, mhuri na bajeti. Kuna mkurugenzi wa kampuni na mkurugenzi wa hospitali, na hao ndio wenye haki ya jina hilo. Neno la Kiingereza "director" linabeba maana mbili, ya mkuu wa shirika na ya anayeongoza filamu, na mwenye haraka hushika ile ya kwanza anayoikuta kwenye kamusi. Hapa Uganda kosa hili linaenea upesi zaidi kwa sababu wengi wetu tumekipata Kiswahili kupitia ofisi na sare za askari. Neno tulilolisoma mlangoni mwa ofisi tunalibeba hadi mbele ya skrini.

Mira Nair katika filamu ile aliongoza. Kuongoza ni kuamua kamera isimame wapi, mwigizaji anyamaze kwa muda gani kabla hajajibu, tukio lianzie wapi na likatwe wapi. Kitenzi chenyewe ni ndugu wa kuongoa na kuongoka, kushika njia iliyonyooka. Basi yeye ni mwongozaji. Kwa bahati nzuri yeye mwenyewe anatuonyesha tofauti: ndiye aliyeanzisha Maisha Film Lab mjini Kampala, mahali pa kuwafunza watengenezaji filamu wa Afrika Mashariki. Ukiandika juu ya uendeshaji wa taasisi ile, neno mkurugenzi lina pa kukaa. Ukiandika juu ya msichana wa Katwe, mtaa wa Kampala, anayecheza sataranji katika filamu ile, halina.

Ubaya wake unaonekana vizuri ukihakiki filamu kubwa. Chukua The Godfather ya 1972. Tukio la kwanza linaanzia usoni mwa mwenye biashara ya mazishi, kukiwa na giza pande zote, kisha picha inapanuka polepole, kwa zaidi ya dakika mbili bila kukatwa, mpaka tunaona kisogo na mkono wa yule anayesihiwa. Tunapomwona huyo, yaani Marlon Brando, kwa mbele, macho yake yamezama kivulini, kwa kuwa taa zimewekwa juu ya kichwa. Taa hizo ni kazi ya Gordon Willis, mkuu wa upigaji picha. Francis Ford Coppola ndiye mwongozaji. Albert S. Ruddy ndiye mtayarishaji, yaani msimamizi wa fedha, mikataba na ratiba. Nimeona wahakiki wakiwaita wote watatu wakurugenzi: mkurugenzi wa filamu, mkurugenzi wa picha, mkurugenzi mtayarishaji. Msomaji anamaliza aya bila kujua nani aliyemnyima macho ya Brando, na hilo ndilo alilofungua makala ili aambiwe!

Kuna pia upande wa pili. Who Killed Captain Alex? (2010) ilitoka Wakaliga, hapa hapa Kampala. Isaac Nabwana aliiandika, akaiongoza, akapiga picha, akahariri. Ukimwita "mkurugenzi" umefuta kazi tatu kati ya nne. Vitaje vitenzi vyote vinne. Kisha mtaje VJ Emmie, ambaye sauti yake inatembea juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho, na umwite msimulizi. VJ, yaani anayesimulia filamu huku ikionyeshwa, hafasiri tu: anaongeza, anatania, anamwonya shujaa. Waliokulia kwenye enjogerere, filamu zinazosimuliwa na VJ kwa Kiluganda, wanalijua hilo bila kufundishwa.

Kuhusu majina mengine sina ugomvi. Wakenya husema mwelekezi, Watanzania mwongozaji. Chagua moja ulishike hadi mwisho wa makala. Anayesema "dairekta" akizungumza na wenzake nimezoea kumwacha. "Steringi" naye ana miaka mingi mtaani, na kwenye maandishi "mwigizaji mkuu" anatosha.

La pili, "kupigwa risasi", tafsiri ya "shot" ya Kiingereza, sitalivumilia hata siku moja. Risasi asili yake ni ile madini nzito ya kijivu, na katika Kiswahili kinachopigwa risasi huvuja damu. Mkazi wa Katwe akisoma kwamba filamu "ilipigwa risasi Katwe" atauliza wamekufa wangapi. Nchi hii ina kumbukumbu za risasi halisi, na neno hilo halichezewi. Picha hupigwa, filamu hurekodiwa. Vivyo hivyo usiandike "risasi ndefu" ukimaanisha picha iliyokwenda muda mrefu bila kukatwa. Sema "picha isiyokatwa" na utaje muda wake kwa saa ya mkononi, au andika "shoti" kama umebanwa na nafasi.

Sentensi yako iandike hivi: "Queen of Katwe (2016) imeongozwa na Mira Nair na kurekodiwa Katwe na Johannesburg, Madina Nalwanga ni Phiona, Lupita Nyong'o ni mama yake, na mpiga picha mkuu ni Sean Bobbitt." Kisha anza kuhakiki.