Zinalandana, zinalandanishwa au zinafuatana?

Msomaji anayesomea umeme chuoni kauliza: "Naandika ripoti ya jenereta nyingi zilizoungwa kwenye gridi moja. Niseme zinafuatana, zinalandana au zinalandanishwa?"

Kufuatana achana nako kabisa. Vitu vikifuatana kimoja kiko mbele kingine nyuma, na jenereta za gridi haziendi hivyo, zote zinapiga mapigo yaleyale kwa wakati uleule, kwetu Tanzania na Kenya ni 50 kwa sekunde.

Hayo mawili yaliyobaki yote sahihi ila kila moja lina pahala pake. Landana ina ile -ana ya kutendana, yaani vitu vyenyewe vinapatana bila mtu kuviamuru. Mwaka 1665 Mholanzi Christiaan Huygens akiwa mgonjwa ndani aliona saa zake mbili za pendulamu, zimening'inizwa kwenye boriti moja, zinayumba kwa mpangilio mmoja, hii ikienda kulia ile inaenda kushoto, akizivuruga baada ya kama nusu saa zinarudia vilevile, na kilichokuwa kinazipatanisha ni mtikisiko mdogo tu unaopita kwenye boriti. Hapo andika saa zililandana. Ukiandika zililandanishwa msomaji atauliza, na nani?

Ukiweka -isha umemwingiza mtendaji. Jenereta mpya haiingizwi kwenye gridi hivihivi, opereta anaweka volteji sawa, anarekebisha spidi, anaangalia sindano ya mita inavyozunguka taratibu mpaka ikaribie saa sita juu kabisa ndo anafunga swichi, akiwahi au akichelewa mashine inavutwa kwa nguvu na shafti inaweza kuumia. Huko ndiko kulandanisha. Ikishaingia sasa jenereta zinashikana zenyewe, moja ikitaka kulegea zingine zinaivuta, kwa hiyo sentensi inayofuata unarudi kwenye zinalandana. Ripoti moja, vitenzi viwili, na mimi naipenda sana Kiswahili hapa maana silabi moja inabeba tofauti ambayo wahandisi wanaieleza kwa aya nzima.

Ukifika kwenye sura ya udhibiti itakusaidia zaidi. Mtandao mkubwa hauna haja ya kudhibitiwa nodi kwa nodi, yaani kila mashine au kituo kilichoungwa kimoja kimoja, mara nyingi unashika chache tu ulizozichagua vizuri na amri inasambaa kupitia miunganisho. Unaweza kuandika: nodi chache zinalandanishwa, zilizobaki zinalandana nazo. Hiyo sentensi imekamilika, usiiongezee kitu.

Halafu kama ripoti yako inagusa laini ya Ethiopia na Kenya, ile ya kilovolti 500, hapo usitumie lolote kati ya haya. Ni umeme wa DC, yaani unaoenda upande mmoja tu bila mapigo, kwa hiyo kila upande unabaki na mapigo yake, andika tu gridi zimeunganishwa.