Ukitaka kumiksi upya bendi kongwe, anza kwa kutoa

Juzi kijana mmoja wa Chuno, hapa Mtwara, alinitumia remiksi yake WhatsApp: "Braza, sikiliza unipe maoni." Wimbo wa dansi wa miaka ya sabini, juu yake kabandika mdundo wa tekno mnene kweli kweli. Nikacheka peke yangu, maana kosa lile nimeshalifanya, tena mbele za watu.

Ilikuwa sendofu Magomeni, hapa hapa Mtwara mjini, msimu wa korosho, watu wana hela na spika zimepangwa hadi barabarani. Nilikuwa nimekesha wiki tatu na wimbo ambao wazee wa hapa wanaujua hadi kikohozi cha mwimbaji. Gitaa la solo lilipoanza tu, wazee wakanyanyuka, kina mama wakakaza vitenge. Halafu mdundo wangu ukaingia: du, du, du, du. Hakuna aliyezomea. Walirudi kukaa mmoja mmoja, kama watu waliokumbuka ghafla kwamba magoti yanauma.

Mzee mmoja aliyewahi kupiga besi kwenye bendi enzi hizo akaniita pembeni. "Mjukuu wangu, umemfunika mtu gubigubi, halafu unashangaa hatumtambui."

Dawa niliipata Mikindani, kwa mgeni wa Kijerumani aliyekuja kupiga mbizi akaniachia flashi. Ndani yake mlikuwa na Can, bendi ya rock ya Köln iliyoanza 1968. Mwaka 1997 nyimbo zao za zamani walipewa watu wa tekno na wa dab, ule muziki wa Jamaika wa kuvua wimbo ubaki ngoma, besi na mwangwi, wazichezee, wakiwemo The Orb wa London na Carl Craig wa Detroit, ikatoka albamu inayoitwa Sacrilege. Kiswahili chake ni kama kusema "Kufuru", na baadhi ya remiksi mle ni kufuru kweli: ungenificha jina la bendi nisingegundua. Mwaka huo huo Adrian Sherwood, fundi wa dab wa Uingereza, aliichukua albamu ya Primal Scream, bendi ya rock ya Scotland, akaigeuza dab karibu yote, akaitoa kwa jina la Echo Dek. Hiyo niliipenda zaidi. Mikono ni ya mtu mmoja, na unasikia anafikiri.

Nikafuata mzizi wa dab, nikafika kwa King Tubby wa Kingston, Jamaika. Yule alikuwa fundi wa redio na amplifaya, mtu wa kuchomelea waya, kama mafundi wetu wa sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya sabini alikuwa akiletewa tepu ya wimbo uliokwisha rekodiwa, anashusha sauti ya mwimbaji, anashusha gitaa, anabakiza ngoma na besi. Baada ya muda anarusha neno moja la mwimbaji kwenye mwangwi, linaelea, linapotea. Hakuwa anabandika kitu juu ya wimbo. Alikuwa anaufunua.

Sasa njoo kwetu. Tubby alikuwa na tepu yenye njia nne, ala zimetenganishwa humo kwa makundi. Rekodi zetu nyingi za Radio Tanzania ni bendi nzima imepiga kwa pamoja, imeisha hiyo. Huna pa kushusha gitaa. Ila siku hizi zipo programu za bure, kama Spleeter iliyotolewa na Deezer ya Ufaransa mwaka 2019, au Demucs, zinazochambua wimbo kuwa sauti, drams, besi na "vingine". Usitegemee muujiza. Kwenye hivyo "vingine" utakuta solo, rithim na saksafoni zimerundikana, tumba zimechanika nusu huku nusu kule, na mwimbaji akiachwa peke yake anasikika kama yuko ndani ya simtanki. Ndiyo maana nakwambia chukua vipande vifupi: neno moja, mkwaruzo mmoja wa gitaa. Kipande kifupi kikitumbukia kwenye mwangwi, ubovu wake hauonekani.

Mwendo ndio unaowaua wengi. Hawa wazee hawakupiga kwa kufuata mashine. Wimbo wangu ulianza na mapigo 108 kwa dakika, kufika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezesha watu, ulikuwa 116, na ndiyo raha yenyewe. Mimi niliunyoosha wote kwa 112, nikaua chemko kwa mikono yangu. Usifanye hivyo. Kata vipande vidogo, ufanye mdundo wako uwafuate wao. Ukitaka uzito wa dab, hesabu nusu: chemko la 130 liwekee ngoma zinazotembea kwa 65, kiuno cha mtu kitachagua chenyewe kifuate kipi.

Mwangwi usiuweke kwa kubahatisha. Gawanya 60,000, yaani milisekunde za dakika moja, kwa mapigo ya wimbo kwa dakika. Kwa mapigo 120 unapata milisekunde 500, na robo tatu yake, 375, ndiyo huwa inateleza vizuri katikati ya magitaa yetu. Ondoa kila sauti nzito ya chini ya hezi 300 kwenye mwangwi wenyewe, la sivyo besi itageuka uji. Na sevu kazi kila mara. Umeme wa huku hauna salamu.

Ruhusa usiikimbie. Kununua kaseti hakukufanyi mwenye wimbo. Tafuta wenye haki, uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na kabla ya hapo usipakie popote.

Lakini kilichonifundisha kuliko flashi na programu ni kurudi kwa yule mzee, kwake Shangani, na besi niliyoichambua. Nilimchezea hiyo tu. Akafumba macho. Mahali fulani besi ilikata kwa mapigo mawili, akainua kidole: "Hapa nilinyamaza makusudi. Mpiga tumba alikuwa na neno lake." Nikafungua kompyuta. Kwenye mapigo yale mawili ndipo nilipokuwa nimejaza mdundo wangu mkubwa kuliko wote.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Chuno, kabla hujagusa ngoma yoyote, sikiliza wimbo ukiwa na kalamu, andika kila mahali ambapo mtu kanyamaza. Hapo ndipo pa kurushia mwangwi, au pa kuacha kama palivyo.

Toleo la tatu la remiksi yangu nilimpelekea mzee mwezi uliopita kwenye kadi ya memori. Dakika sita, besi yake na tumba, mwimbaji anapita mara mbili tu. Simu yake ni kitochi, haitoi besi hata kidogo. Zinasikika tumba na mwangwi basi. Nikataka kumvalisha hedifoni zangu, akakataa. Akasikiliza hivyo hivyo hadi mwisho, kidole kikigonga meza kila palipokuwa na noti yake, na kwenye yale mapigo mawili kikabaki hewani.