Mawe Yangu Yanatoka Kama Viazi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Mwanza, nina miaka 29. Tangu mwaka jana najifunza kuchora mandhari kwa kalamu ya wino kupitia video za YouTube. Nikiamka baada ya zamu ya usiku, nafungua simu na daftari. Nimeshafuata video zaidi ya sitini: misitu ya misonobari, vibanda vya mbao, barabara zenye theluji, madaraja ya zamani. Nikifuata video mchoro unapendeza, hata wenzangu wodini wanausifu. Lakini Jumapili nilikwenda kukaa karibu na kivuko cha Kamanga nichore ile miamba iliyo ziwani, na kila jiwe likatoka kama kiazi. Nimerudia mara nne, viazi vilevile. Nakutumia picha uone. Je, hizi video hazifai, au mimi sina kipaji? Na bando nalo linaniishia.
Muuguzi wa zamu, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Picha zako nne nimekaa nazo jioni nzima, nikaziweka mezani pamoja na ule msitu wa theluji ulionitumia kulinganisha. Mkono uliochora matawi ya ile misonobari ni mkono mzuri, umetulia. Kwa hiyo habari ya kipaji tuiache hapo. Shida yako nyingine kabisa, nami naijua kwa sababu ilinikuta.

Mimi wino niliuanzia kazini. Mwaka 1984 niliajiriwa kuchora ramani katika ofisi ya upimaji hapa Morogoro. Tulitumia kalamu za Rotring, ncha ya milimita 0.2 kwa mistari ya mwinuko na 0.5 kwa barabara, juu ya karatasi ile inayoonyesha upande wa pili. Ukikosea hapo kifutio hakisaidii. Unashika wembe, unakwangua wino taratibu kama mtu anayekwangua magamba ya samaki mdogo, kisha unapasugua mahali pale kwa ukucha mpaka palainike, maana ukiacha nyuzi za karatasi zimesimama, mstari utakaopita juu yake utasambaa. Miezi mitatu ya kwanza mzee aliyenifundisha hakunipa ramani hata moja. Alinipa mistari. Nakala ya mstari ulionyooka, nakala ya mstari uliopinda, kutwa nzima.

Nilipostaafu, binti yangu akaninunulia simu kubwa, nikaingia kwenye video hizohizo unazoziangalia wewe. Nusu mwaka nikachora misonobari yenye theluji, ilhali dirishani kwangu imekaa milima ya Uluguru, imejifunga mawingu kiunoni kila asubuhi. Siku niliyoigeukia milima yenyewe, sikujua kalamu niiweke wapi. Mstari nilikuwa nao, tena wa miaka thelathini. Kitu nilichokosa ni kuamua.

Fikiria video inavyopigwa. Kamera imefungwa juu ya karatasi. Unaona kalamu inavyokwenda, lakini huoni mwenye kalamu anatazama nini, wala huoni alivyokwisha kuamua kabla ya kuanza kwamba jua litatoka kushoto, mti wa nyuma utakuwa na mistari michache, na pale katikati patabaki peupe. Unapewa jibu la hesabu ambayo hukuikokotoa. Ndiyo maana ukikaa mbele ya mwamba wa kweli, mkono unasubiri kuambiwa.

Sasa tuvitazame hivyo viazi. Chukua picha yako ya kwanza. Kila jiwe umelizungushia mstari mweusi, unene mmoja, kuanzia juu mpaka chini na kurudi. Halafu ndani ukajaza mistari ya kupishana sawasawa pande zote. Kitu chenye mzingo mmoja na weusi mmoja jicho linakisoma kama kiazi, yai au andazi, hata ungekichora miaka kumi. Jaribu hivi: upande unaopigwa na jua, usichore mstari wowote. Acha karatasi tupu, mwamba na mbingu vishikane. Unaogopa kwamba jiwe litakuwa na tundu, lakini mtazamaji atalifunga mwenyewe. Kisha shuka mpaka pale jiwe la juu linapokaa juu ya jiwe la chini. Ule mwanya ndio penye giza kuliko pote. Anzia hapo kabla ya kitu kingine, weka weusi mzito kabisa, na utaona mawe mawili yanapata uzito papo hapo, moja limemkalia mwenzake.

Miamba yenu ya Mwanza nimeiona kwa macho yangu, nilikaa huko wiki mbili kwa kazi ya upimaji, na sijaisahau. Ni matale, yaani graniti. Yamepasuka kwa nyufa zilizonyooka, na pembe zake zimeliwa na mvua na jua karne nyingi hadi yakawa mviringo. Kwa hiyo yana mambo mawili yanayopingana: bega la mviringo, na ufa ulionyooka kama uliokatwa kwa msumeno. Wewe umechora mviringo peke yake. Tia ule ufa, mstari mmoja usiotetereka, na kiazi kinakuwa jiwe. Kuna jambo la tatu: michirizi myeusi inayoshuka kutoka kileleni, pale maji ya mvua yanapopita. Michirizi ile inafuata umbo la mwamba, juu imelala, ubavuni imesimama. Ukiifuata kwa kalamu tayari umeshapata kivuli bila kuhangaika na mistari ya kupishana, ambayo mwalimu wa video anaitumia kwa sababu yeye alikuwa anachora ukuta wa ghala.

Na jua. Hili hakuna video iliyoniambia, nililigundua peke yangu na nilikasirika kwamba nimechelewa. Walimu wengi tunaowafuata wanachora nchi za mbali na Ikweta, ambako majira ya baridi jua linapita chini chini mchana kutwa na kivuli kinalala kirefu hata saa sita. Mwanza ipo nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta. Katika picha yako ya pili kuna mtumbwi, na kivuli chake kiko chini yake kabisa, kwa hiyo ulikaa pale kwenye saa saba mchana. Saa ile mwamba hauna upande wa mwanga na upande wa giza, wote ni mweupe juu na una kamstari ka kivuli kitakoni. Hata mchoraji mzoefu angetoka na viazi. Nenda asubuhi. Ukitoka zamu, kabla ya kwenda kulala, pita pale nusu saa, sogea ufukweni kushoto au kulia mpaka jua likupige bega moja. Jioni nayo ni nzuri, ila jua linazama upande wa ziwa, kwa hiyo mwamba utasimama mweusi mbele ya maji yanayong'aa. Huo ni mchoro wa aina nyingine, wa weusi mmoja mkubwa na mistari michache iliyolala kwa ajili ya maji. Maji yachore kwa mistari ya kulala tu. Usiyapindepinde.

Kuhusu bando: video sitini ni nyingi mno, mwanangu. Chagua moja ya dakika nane au kumi, ipakue mahali penye wi-fi, ukae nayo wiki nzima. Mara ya kwanza itazame mikono ikiwa mapajani. Kila mwalimu anapokaribia kuanza kitu kipya, simamisha, jiulize: mimi ningeanzia wapi? Kisha mwache aendelee uone. Mkilingana, vizuri. Msipolingana, hapo ndipo somo lilipo. Siku inayofuata chora naye, lakini punguza kasi mpaka 0.5, kwa sababu nyingi ya video hizi zimeharakishwa, kazi ya saa moja imebanwa ikawa dakika tano, na mwanafunzi bila kujua anaukimbiza mkono wake ufanane na ule wa kwenye simu. Mistari yako ya majani katika picha ya tatu ina manyoya kwa sababu hiyo. Vuta mstari mmoja kwa pumzi moja, kutoka begani, na ukikosea usiupitie mara ya pili. Chora mwingine kando yake. Siku ya tatu zima simu, nenda kwenye mwembe wowote ulio karibu, na mbinu ile ya msonobari uione inavyoshindwa. Mwembe hauna matawi yanayoshuka kama ngazi. Ni kuba la giza lenye mwanga utosini. Utalazimika kubuni alama yako ya jani la mwembe, kijistari kifupi kilichopinda, na hiyo itakuwa yako.

Nakuomba pia utazame michoro iliyokwisha, isiyotikisika. Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh, mwaka 1888, akiwa Arles kusini mwa Ufaransa, alichora mashamba na tambarare kwa kalamu za tete alizochonga mwenyewe. Makumbusho yake ya Amsterdam yameweka kazi zake mtandaoni, unaweza kuzikuza hadi uone nukta moja moja. Shamba moja amelijaza nukta, la jirani vijistari vya kusimama, la mbele mikwaruzo mipana, na nyuma, karibu na upeo, kila kitu kinakuwa kidogo na chepesi. Hakuna mkono unaokimbia pale. Unakaa na mchoro mmoja muda unaotaka, na picha moja haili bando kama video.

Nitumie mwamba wa asubuhi. Mmoja tu.

SWALI: Mwalimu, kila video inaanza kwa mtu kupanga vifaa: kalamu za wino za Micron, sita za namba tofauti, kalamu za kuchovya, karatasi nzito. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nina peni ya Bic na karatasi za fotokopi. Nianze au nisubiri?
Kijana wa Tanga

JIBU: Anza leo. Peni ya Bic ni kalamu nzuri sana ya kujifunzia, kwa sababu ukiigusa kidogo inatoa rangi ya kijivu na ukiikandamiza inatoa nyeusi, jambo ambalo Micron haiwezi. Kasoro yake ni kwamba wino wake hupauka ukitundikwa penye mwanga. Kwa hiyo ifanyie mazoezi, usiifanyie mchoro wa kumpa mama yako aweke sebuleni.

Ukipata pesa, nunua Micron mbili, usinunue sita: namba 005, ambayo mstari wake ni kama milimita 0.20, kwa vitu vya mbali, na 05, kama 0.45, kwa vitu vya karibu. Kwa mbili hizo utapata mlima wa nyuma na jiwe la mbele. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inakunywa wino wa kuchovya na mstari unaota mizizi. Kwa Bic haina neno. Ulizia steshenari karatasi ya gramu 160 au manila, waombe wakukatie. Wino wowote utakaouziwa, upime kabla: chora mstari, uache dakika kumi, upitishe kidole kilicholowa. Ukichafuka, usije ukaupaka rangi ya maji juu. Na wino mweusi wa chupa wenye gundi ya kuukinga na maji usiutie ndani ya kalamu ya kujaza wino. Ukikauka humo, kalamu imekwisha. Niliua mbili kwa namna hiyo.

Kalamu ya kuchovya unaweza kuichonga. Uko pwani, matete hayakosekani. Kata tete lililokauka, unene wa kidole kidogo, lichonge kwa mshazari, lipasue ncha katikati kama sentimita moja ili lishike wino. Hiki si kitu kigeni kwetu. Wanakili wa Siyu, kule kisiwa cha Pate, waliandika misahafu kwa mkono wakaipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Tete linaanza na mstari mnene, uliojaa, kisha wino unapungua na mstari unakuwa mkavu, wenye mikwaruzo. Huo ukavu utumie kwa magome ya miti. Mimi nimechora mibuyu kwa huo tu.

SWALI: Nimenakili mchoro wa mwalimu mmoja wa mtandaoni, mto na kibanda. Mtu anataka kuununua. Niweke sahihi yangu?
Msomaji wa Dodoma

JIBU: Hapana, na usiuuze. Kunakili ni namna halali kabisa ya kujifunza, lakini nyuma ya karatasi andika umenakili kwa nani na tarehe gani, kisha uuweke kabatini. Huyo mnunuzi mwambie akupe wiki tatu. Dodoma mna vilima vya mawe, mna mibuyu, na jioni kuna vumbi linalofanya kila kitu cha nyuma kiwe hafifu bila wewe kuhangaika. Mchoree hicho.